Mashine ndogo ya kukamua mawese: tathmini kwa mwajiriwa wa Kigoma anayefikiria kuacha kazi

Mashine tunayoitathmini ni ile ndogo ya skrubu inayoundwa na mafundi wa hapa nchini. Juu ina kinu cha kuponda, chini ina skrubu ya kukamulia iliyo ndani ya silinda yenye matundu, na pembeni kuna injini ya dizeli ya farasi 10 hadi 12 inayozungusha vyote viwili kwa mikanda. Wauzaji huinadi kwamba inakamua kilo 300 za matunda kwa saa. Mwalimu, muuguzi au karani wa Kigoma mwenye akiba kidogo na hamu ya kujitegemea huifikiria mashine hii mapema sana, maana mawese ni biashara aliyoiona tangu utotoni na hakuna haja ya kumweleza mtu yeyote mkoani matumizi yake.

Uamuzi wetu tuuseme mapema. Kama mashine, ni nzuri, na tunaipendekeza kwa mtu anayejua matunda yatatoka wapi. Kama sababu ya kuandika barua ya kuacha kazi, peke yake haitoshi. Kinachowakwamisha wengi si chuma kukatika. Ni mashine kukaa wiki kadhaa bila cha kukamua, wakati mshahara umeshakoma na ada za watoto hazijakoma. Kwa hiyo tunakitathmini chombo chenyewe, kisha tunauliza kama kinaweza kuibeba nyumba iliyokuwa ikibebwa na mshahara.

Inavyokamua

Ukiiweka karibu na mashine ya mkono, ile yenye skrubu wima inayozungushwa na watu wawili, tofauti huonekana kwenye makapi. Ya mkono huacha makapi yenye mafuta ambayo ukiyafinya kwenye ngumi yanachuruzika. Ya injini, ikifungwa sawasawa, huacha makapi yanayotia kiganja ung'avu tu.

Kwa hesabu ni hivi. Miti ya dura, ambayo ndiyo imejaa katika mashamba ya zamani ya Kigoma, huzaa chikichi zenye kokwa nene na nyama nyembamba. Katika kilo 100 za matunda yaliyopukuchuliwa, nyama ni kama kilo 45, na karibu nusu ya nyama hiyo ni mafuta, yaani kilo 20 hadi 22. Mashine ya mkono hutoa kilo 12 au 13 kati ya hizo. Ya skrubu na injini hutoa 14 hadi 17. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 hivi, na pipa la lita 200 likijazwa matunda hubeba kilo 110 hadi 130. Kwa dura, basi, kanuni rahisi ya kukumbuka ni pipa moja, dumu moja. Ukipata chini ya hapo mara kwa mara, kuna kitu kimelegea kwenye mashine, au matunda yalikuwa mabichi.

Tenera ni hesabu nyingine. Ni chotara ya dura na pisifera, aina nyingine ya mchikichi, na miche yake huzalishwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, hapahapa Kigoma. Nyama yake ni nene, na kilo 100 za matunda huweza kutoa kilo 25 hadi 30 za mafuta kwa mashine hiyohiyo. Muuzaji anayesema mashine yake inatoa dumu moja na nusu kwa pipa huenda anasema kweli kabisa. Muulize tu alijaribia matunda gani, kwa sababu wewe utanunua ya wakulima wa jirani yako, na mengi yatakuwa dura.

Zile kilo 300 kwa saa ni kasi ya skrubu ikiwa imeshibishwa mfululizo na matunda ya moto. Kwenye banda halisi, penye mapipa manne na vibarua watatu, hesabu kilo 200. Kinachochelewesha ni kuchemsha.

Hapo kwenye kuchemsha ndipo ubora wa mafuta huamuliwa, na ndipo wanaoanza hukosea zaidi kuliko mahali pengine popote. Tunda likichubuka tu, kimeng'enya kilichomo kwenye nyama huanza kuyavunja mafuta na kuzalisha asidi huru. Mikungu iliyorundikwa siku nne au tano ili matunda yang'oke kirahisi huokoa nguvu za kupukuchua, lakini mafuta yake hutoka makali, yanayokereketa kooni, na mnunuzi wa mafuta ya kupikia huyapunguzia bei au huyaacha kwa mtu wa sabuni. Mawese ghafi yanayokubalika kwa chakula hayapaswi kuzidi asidi huru ya asilimia 5 hivi. Siku mbili za kurundika zinatosha: ikatekate mikungu vipande, funika, pukuchua siku ya tatu, na uchemshe siku hiyohiyo. Moto ndio unaokiua kimeng'enya hicho.

Mvuke ni bora kuliko kuzamisha matunda kwenye maji. Weka wavu wa nondo sentimeta 20 kutoka kitako cha pipa, tia maji yasifike kwenye wavu, jaza matunda, funika kwa magunia na bati, na baada ya mvuke kuanza kutoka juu hesabu saa moja hadi saa moja na nusu. Kuni zinapungua, na nyama haibebi maji mengi ya kuja kuyatenga baadaye. Matunda yametosha yanapominyika kwa vidole na nyama ikaachana na kokwa bila ubishi.

Kutoka pipani yaende kinuni yakiwa bado na joto la nyuzi 80 hadi 90. Hili mafundi wengi hawalisemi siku ya kukabidhi. Mawese yakipoa huwa mazito, nyuzinyuzi za tunda huyang'ang'ania, na skrubu hata ikazwe vipi hupitisha mafuta pamoja na makapi. Pipa lililoachwa lipoe wakati vibarua wanakula mchana linaweza kukupotezea lita tatu au nne kati ya ishirini. Ukiona pato limeshuka ghafla na mashine haina tatizo, angalia ratiba ya kazi kabla hujamwita fundi.

Koni, skrubu na vitu vinavyokufa kwanza

Mwisho wa silinda kuna koni inayosogezwa mbele na nyuma kwa nati kubwa. Ndiyo inayoamua mkazo. Ikilegea, makapi hutoka yamelowa. Ikikazwa kupita kiasi, kokwa hupasuka, vipande vya ganda hula skrubu, mise (kiini kilicho ndani ya kokwa) huharibika, injini hukohoa na mikanda huanza kunuka. Kipimo kizuri ni kuchota makapi na kuhesabu kokwa: ikipasuka moja kati ya kumi, uko sawa. Zikipasuka tatu au nne, legeza. Koni hurekebishwa kila aina ya matunda inapobadilika, kwa hiyo mwendeshaji lazima ajue kuichezea mwenyewe.

Skrubu huisha kwa sababu inasuguana na nyuzi, maganda na mchanga. Mchanga ndio mbaya zaidi, na huingia pale matunda yanapopukuchuliwa juu ya udongo. Sakafu ya saruji au turubai ni bei ndogo kuliko skrubu mpya. Nafasi kati ya mabawa ya skrubu na silinda ikipanuka, makapi hulowa hata koni ikikazwa mwisho. Hapo fundi wa kulehemu huongeza chuma kwenye mabawa kwa vijiti vya chuma kigumu, kisha huyasaga yawe sawa. Kazi hiyo inafanyika Kigoma mjini bila kuagiza kitu kutoka mbali, na kwetu hiyo ndiyo sifa kubwa ya mashine za mafundi wa hapa dhidi ya zile za kuagizwa nje. Ya nje huja na skrubu nzuri zaidi, lakini ikifa unasubiri kontena.

Beringi ya mwisho wa skrubu ndiyo hubeba msukumo wote, na ndiyo baadhi ya mafundi huibania fedha. Iwe beringi ya kubeba msukumo, si ya kawaida. Ukiambiwa "zote ni sawa", tafuta fundi mwingine. Mikanda ya injini ibadilishwe yote kwa pamoja hata kama umekatika mmoja tu, kwa sababu mpya na wa zamani havishiki sawa, na ule mpya ndio utabeba mzigo peke yake na kukatika ndani ya wiki. Wapo wanaotumia giaboksi la gari kuukuu kupunguza kasi. Hufanya kazi vizuri, ila sili zake zikivuja oili hudondokea kwenye chakula cha watu. Mahali pa kufunga giaboksi pawe pembeni, na chini yake pawe na sahani ya kukingia.

Koki ya shaba kwenye tangi la mafuta ikatae kabisa. Shaba, hata kidogo sana, huharakisha mafuta kuchacha, na chuma chenye kutu nacho hufanya hivyo kwa kiwango cha chini. Sehemu zote zinazogusa mafuta zikiwa chuma cha pua ni vizuri sana lakini bei hupanda mno. Kwa kuanza, tunaona inatosha sahani ya kupokelea na tangi la kutuliza viwe vya chuma cha pua, na silinda ibaki ya chuma cha kawaida inayosuguliwa na kukaushwa kila jioni.

Injini ya farasi 12 yenye silinda moja hunywa lita moja na nusu hadi mbili za dizeli kwa saa ikiwa na mzigo. Badili oili kila saa 100. Mota ya umeme ni tulivu na gharama yake ya kuendesha ni ndogo, lakini yenye nguvu hii kwa kawaida huhitaji fezi tatu, na vijiji vingi vyenye umeme vina fezi moja. Ulizia TANESCO gharama ya kuvuta fezi tatu hadi bandani kabla hujaagiza mashine ya mota, kwa sababu umbali kutoka kwenye transfoma unaweza kuifanya njia ya umeme iwe ghali kuliko mashine yenyewe.

Baada ya kukamua, mafuta yachanganywe na maji ya moto, yachemke taratibu saa moja au mbili hadi tope litue, yaenguliwe kwenye sufuria ya pili, na yakaushwe kwa moto mdogo mpaka yaache kutoa vipovu na mlio wa maji. Maji yaliyobaki ndani ya dumu huendelea kuzalisha asidi hata kama ulifanya mengine yote vizuri. Dumu liwe kavu, lijae hadi shingoni, likae kivulini. Maji machafu yenye tope la mafuta yana uchafu mkali unaomaliza hewa kwenye mto. Chimba mashimo mawili au matatu ya kutuliza mbali na kisima na kijito, kwa sababu vijito vya huku vinashuka Ziwa Tanganyika na watu wanachota humo.

Mshahara ukipimwa kwa madumu

Sasa hesabu. Tumia namba zako. Hizi hapa ni za mfano tu, kuonyesha njia.

Chukua mshahara unaobaki mkononi, tuseme 700,000 kwa mwezi. Ongeza fedha ya kurudisha mtaji: mashine, injini, mapipa na banda vikiwa vimegharimu milioni 9 na ukitaka vijilipe kwa miaka mitatu, hiyo ni 250,000 kwa mwezi. Jumla 950,000. Halafu tafuta faida halisi ya dumu moja baada ya kutoa matunda, usafiri, kuni, vibarua, dizeli na dumu lenyewe. Ikiwa 8,000, unahitaji madumu 119 kila mwezi ili usipungukiwe na ulichokuwa nacho.

Madumu 119 ya mafuta ya dura yanataka tani 14 hivi za matunda. Matunda ni kama asilimia 62 ya uzito wa mkungu, kwa hiyo unanunua tani 22 za mikungu kwa mwezi. Kwa kasi ya kilo 200 kwa saa, mashine inazimaliza kwa saa 70. Mapipa manne yakizunguka mara tatu kwa siku yanachemsha yote kwa siku kumi. Yaani mashine hii ina uwezo kuliko unaouhitaji, na itakaa kimya theluthi mbili ya mwezi hata mambo yakienda vizuri. Wala usimwambie fundi akutengenezee kubwa zaidi.

Tani 22 hizo zinatoka wapi? Ukikadiria kilo 40 za mikungu kwa mti wa zamani kwa mwaka, unahitaji mazao ya miti zaidi ya 6,600. Kwa miti 50 kwa ekari, ni ekari 130 na zaidi. Karibu hakuna mwajiriwa mwenye shamba hilo. Maana yake biashara unayoiingia ni ya kununua matunda kwa wakulima wengi, kila wiki, ukishindana na wanunuzi waliokutangulia na wenye mashine waliozaliwa hapohapo kijijini. Ujuzi wa skrubu hausaidii hapo. Unaosaidia ni kujuana na watu, kulipa fedha taslimu siku ya kuvuna, na kuwa na wavunaji wanaokubali kupanda miti mirefu.

Halafu kuna msimu. Mchikichi huzaa mwaka mzima lakini si kwa kiwango kimoja. Miezi ya wingi mafuta hujaa sokoni na bei hushuka. Miezi ya uhaba bei hupanda na matunda hayapatikani. Asiyejua huhesabu bei ya uhaba kwa wingi wa msimu wa wingi, na hesabu hiyo haitokei hata siku moja. Zidisha kila mwezi peke yake: madumu ya mwezi huo kwa bei ya mwezi huo, kwa miezi kumi na miwili. Kaa na mkamuaji wa vijiji vya Simbo au Mahembe mwenye daftari la miaka miwili mukokotoe pamoja. Kuweka akiba ya mafuta ukisubiri bei kunawezekana ikiwa yamekaushwa vizuri, ila fedha iliyolala ndani ya madumu hainunui matunda ya wiki ijayo. Pia bei ya mawese inafuata mafuta ya kula yanayotoka nje ya nchi. Ushuru ukibadilishwa kwenye bajeti ya Juni, dumu lako Mwandiga litaisikia habari hiyo.

Usisahau mise. Kilo 100 za chikichi za dura huacha kama kilo 50 za kokwa, na ndani yake mise kilo 8 hadi 10 zinazouzwa kwa watu wa mafuta ya mise na sabuni. Mwenye mashine makini hulipa vibarua wote wa kubangua na sehemu ya kuni kwa fedha ya mise. Tenera, kwa kokwa zake ndogo, hutoa mise chache zaidi.

Kuhusu kupanda tenera zako mwenyewe: panda, tunakusihi. Umbali wa mita 9 kwa pembetatu unatoa miche 143 kwa hekta. Lakini huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi shambani, na mavuno ya maana huja baadaye. Shamba hilo ni sababu ya kubaki kazini sasa, maana mshahara ndio utakaolipa palizi na mbolea hadi lizae.

Kinachoondoka pamoja na ajira

Hapa tutakwenda haraka, ila yasome kwa utulivu na mkataba wako mkononi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, na mkataba unaweza kudai zaidi. Mkataba wa muda maalumu ukiuvunja katikati unaweza kudaiwa. Malipo ya kiinua mgongo ya siku saba kwa kila mwaka wa kazi yamewekwa kwa ajili ya mtu aliyeachishwa na mwajiri, usiyaingize kwenye mtaji wako. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo halimhusu aliyeacha kwa hiari. Tumeona mipango mizuri ya biashara ambayo nusu ya mtaji ilikuwa fedha hizo mbili, na mpango wa namna hiyo unavunjika siku ya kwanza. Watumishi wa umma wana kanuni zao na mfuko wao, PSSSF, waulize ofisa utumishi kabla ya kuandika chochote.

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hubeba walau nusu. Ukiondoka, hiyo nusu ni gharama yako mpya ukitaka kufikisha miezi 180 inayotakiwa kwa pensheni. NSSF huandikisha waliojiajiri, kwa hiyo usiache pengo. Mkopo wa benki uliodhaminiwa na mshahara hauishi na ajira, wala deni la Bodi ya Mikopo. Bima ya afya ya kazini hukoma. Ikate upya kabla, hasa ikiwa kuna mjamzito au mtoto mdogo nyumbani.

Upande wa biashara: TIN ya TRA, usajili wa jina la biashara BRELA, leseni ya halmashauri, na alama ya ubora ya TBS ikiwa utafungasha na kuuza kama chakula chenye nembo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, lina ofisi Kigoma, na mjasiriamali mdogo anayeanzia kwao hupata mafunzo na barua ya utambulisho inayorahisisha njia ya TBS. Weka kumbukumbu za mauzo tangu dumu la kwanza. Kodi ya makadirio humtoza zaidi asiye na daftari.

Kabla ya barua, likizo

Sheria hiyohiyo inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka. Hizo ndizo zinazofaa kwa majaribio, na hapa tunaitathmini huduma nyingine ambayo watu wa mjini huidharau: kukamulisha kwenye mashine ya mtu. Vijiji vya michikichi vina wenye mashine wanaokamua mali za wengine kwa malipo ya kila pipa, au kwa kubakiza kokwa, au kwa sehemu ya mafuta. Kwa anayepima maji, huduma hii tunaipa alama za juu kuliko mashine mpya. Haina mtaji, na inakufundisha yote yaliyo magumu: kununua, kusafirisha, kuchemsha kwa wakati, kuuza.

Kasoro zake zijue. Zamu: msimu wa wingi unaweza kusubiri siku mbili matunda yakichacha, basi shika zamu kabla hujavuna. Mabaki: mafuta ya mtu wa mwisho hubaki kwenye silinda, na ya kwako yatabakia kwa anayekufuata, kwa hiyo kamua mapipa matatu au manne kwa mkupuo ili hasara iwe ndogo. Malipo kwa kokwa huonekana kama bure, kumbe kwa dura unatoa kilo nane za mise na zaidi kwa kila pipa. Pima kwanza ndipo ukubali.

Nunua mikungu kwa kilo. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 100 ndicho chombo cha kwanza kununua katika biashara hii. Mkungu uliokomaa hujionyesha kwa matunda matano hadi kumi yaliyoanguka yenyewe chini ya mti. Ukikatwa kabla, rangi inaweza kukudanganya, mafuta hayatakudanganya. Kwa kila pipa andika: kilo za mikungu, kilo za matunda, fedha zote zilizotoka, lita zilizopatikana, bei uliyouzia, na siku ulizosubiri kulipwa. Hiyo ya mwisho huachwa na wengi, na ndiyo inayoua mtaji, kwa kuwa mnunuzi wa Kasulu au wa Tabora anayelipa baada ya wiki tatu umemkopesha mtaji wa mizunguko mitatu.

Mapipa ishirini kwa mwezi yanatosha kukupa faida halisi ya dumu. Rudia mwezi wa uhaba, hata kwa kutumia mtu wa nyumbani unayemwamini wakati wewe uko kazini. Ikiwa miezi yote miwili wakulima walikuletea matunda bila wewe kuwakimbiza, na hesabu ya madumu ya mfano wetu inakaribia kutimia, tungesema nunua mashine, na bado ubaki kazini hadi imalize msimu mmoja na mwendeshaji aliyefunzwa. Mashine yenye kazi ya siku kumi kwa mwezi inasimamiwa na mtu wa kuajiriwa bila shida, mradi mapipa yahesabiwe na makapi yakaguliwe jioni. Barua iandikwe pale ambapo matunda yanaletwa mengi kuliko unavyoweza kununua, na wewe kutokuwepo ndiko kunakoyapoteza. Uwe pia na akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi sita iliyo kando ya mtaji wa kununulia.

Siku ya kukabidhiwa

Usikubali mashine iliyojaribiwa kwa maji au bila mzigo. Peleka mapipa mawili ya matunda yako mwenyewe yaliyopimwa, yachemshiwe hapohapo kwa fundi. La kwanza litapotea kwa kusafisha silinda na kutafuta mahali pa koni. La pili ndilo la kupimia: kwa dura yaliyokomaa litoe walau kilo 14 za mafuta makavu kwa kila kilo 100, makapi yasichuruzike kwenye ngumi, na nyumba za beringi zishikike kwa mkono baada ya saa moja ya mzigo. Mkataba wa maandishi utaje aina na namba za beringi, ukubwa wa mikanda, unene wa silinda, na muda ambao fundi atalehemu skrubu bila malipo. Theluthi ya mwisho ya fedha ilipwe baada ya jaribio hilo, siyo kabla. Na unapoondoka, beba seti moja ya mikanda, beringi moja ya msukumo na skrubu ya akiba. Injini ukinunua kando, chagua aina ambayo vipuri vyake umeviona kwa macho dukani Kigoma au Ujiji.